Kuchagua Seva ya Barua Pepe kwa Paneli ya Tovuti: Mfano wa Bariadi

Katika mkoa wa Simiyu msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Wakati huo maandishi ya biashara huwa mengi: ankara, hati za mizigo, orodha za wakulima, maagizo ya benki, na majibu kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Baadhi ya maandishi hayo siku hizi huenda kwa barua pepe. Barua moja ikipotea, lori huweza kulala ghalani likisubiri hati, na mkulima akaendelea kusubiri malipo yake. Ubaya wa barua pepe iliyopotea ni kwamba upotevu wake ni wa kimya. Mwandishi hudhani imefika. Mwandikiwa hajui hata kwamba iliandikwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua programu ya seva ya barua pepe itakayofanya kazi pamoja na paneli ya kusimamia tovuti. Mara nyingi swali hili huulizwa kana kwamba ni mashindano ya mbio: ipi ni bora, Exim au Postfix? Itaonekana hapa chini kwamba swali lililo sahihi ni jingine. Ni ipi ambayo fundi ataweza kuitunza, na itafanya nini siku umeme utakapokatika, mtandao utakapokuwa dhaifu, au mteja mmoja atakapoibiwa nywila yake?

MFANO WENYEWE

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Wilaya zake ni 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Na ichukuliwe kwamba mjini Bariadi yupo fundi mmoja wa kompyuta mwenye wateja 30. Fundi huyu ni wa kufikirika, lakini shida zake si za kufikirika. Miongoni mwa wateja wake imo shule ya sekondari, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa pamba, zahanati ya binafsi, muuza pembejeo na mwenye nyumba ya wageni. Kila mmoja anataka tovuti ndogo, na anataka anwani za barua zenye jina lake mwenyewe: shule jina linaloishia na .sc.tz, chama .or.tz, mfanyabiashara .co.tz. Ofisi za serikali hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa zina mfumo wao wa barua pepe chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Fundi hawezi kuandika kwa mkono maagizo ya kila mteja. Hivyo hutumia paneli. Paneli ni programu yenye kurasa za kubonyeza, ambayo kwayo mteja hufungua sanduku la barua, hubadili nywila, au huongeza tovuti bila kumwita fundi. Lakini paneli yenyewe haipeleki barua hata moja. Huandika maagizo tu, na programu nyingine huyatekeleza. Kwa hiyo nyuma ya kila paneli ipo programu ya kupeleka barua, ipo programu ya kutunza masanduku, na ipo programu ya kuchuja barua taka.

BARUA HUSAFIRI VIPI

Mfuko wa barua unaotoka Bariadi kwa barabara huweza kushika njia ya Lamadi kuelekea Mwanza, au njia ya Maswa kuelekea Shinyanga. Mvua ikikata barabara, karani wa posta hautupi mfuko. Huuweka stoo na kujaribu tena barabara itakapopitika. Barua pepe hufuata kanuni hiyo hiyo, na hapo ndipo ilipo nguvu yake kubwa kwa mahali ambapo umeme na mtandao hukatika.

Kanuni za kupelekeana barua baina ya seva na seva huitwa SMTP. Ziliandikwa na Jonathan Postel wa Marekani na kutolewa Agosti 1982. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini msingi wake ni ule ule. Seva inayopeleka hubisha hodi katika mlango namba 25 wa seva inayopokea, hutaja mwandishi, hutaja mwandikiwa, kisha hutoa barua. Seva inayopokea ikisema imeipokea, jukumu limehama: kuanzia hapo barua ni mali yake, na ikipotea kosa ni lake. Isipojibu, barua hubaki kwenye foleni ya seva inayopeleka.

Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2008 zinashauri kwamba seva isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Programu mbalimbali hutekeleza shauri hili kwa namna tofauti. Postfix, isipobadilishwa, hurudia jaribio la kwanza baada ya kama dakika 5, huongeza nafasi kati ya majaribio hadi kufikia zaidi kidogo ya saa 1, na hukata tamaa baada ya siku 5. Exim hujaribu kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo, kisha hupanua nafasi hizo hatua kwa hatua, na mwishowe hujaribu kila baada ya saa 6 hadi siku ya 4. Sendmail husubiri siku 5, na qmail siku 7.

Maana yake kwa Bariadi ni hii: umeme ukikatika usiku kucha mahali ilipo seva inayopokea, barua zilizokuwa njiani hazipotei. Zimelala katika foleni za wenzake, na asubuhi zitaingia. Lakini ipo tofauti moja ambayo fundi lazima aijue. Exim, katika mpango wake wa kawaida, humwarifu mwandishi baada ya saa 24 kwamba barua yake bado imekwama. Postfix haimwarifu mpaka iagizwe kufanya hivyo. Karani wa chama anayesubiri jibu la mnunuzi angependa sana kupata taarifa hiyo mapema, ili apige simu. Ni mstari mmoja tu wa maagizo, lakini usipoandikwa, siku 5 za ukimya zitapita.

PROGRAMU NNE NA HISTORIA YAKE

Sendmail ni mkongwe wao. Iliandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ilienea kuanzia mwaka 1983. Ilizaliwa wakati mitandao ilipokuwa ya aina nyingi na kila mmoja una anwani za namna yake, hivyo lugha yake ya maagizo ni ngumu. Aidha, Novemba 1988 programu haribifu ilienea katika maelfu ya kompyuta za Marekani, na mojawapo ya njia ilizotumia ni mlango wa uchunguzi ulioachwa wazi ndani ya Sendmail. Tukio hilo liliwafundisha wataalamu kwamba seva ya barua ni mlango wa mbele wa nyumba.

Fundisho hilo lilizaa programu mpya katika miaka ya 1990. Daniel J. Bernstein aliandika qmail, akiigawa kazi katika vipande vidogo visivyoaminiana. Mwaka 1998 Wietse Venema, akiwa katika kampuni ya IBM, alitoa Postfix, iliyofuata wazo hilo hilo: kipande kimoja hupokea, kingine husafisha anwani, kingine hutunza foleni, kingine hupeleka nje. Kipande kinachoongea na watu wa nje hakina mamlaka makubwa juu ya mashine, kama vile bawabu asivyokuwa na ufunguo wa sefu.

Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alianza kuandika Exim mwaka 1995. Hii ilichukua njia nyingine. Ni programu moja kubwa, yenye lugha pana ya kutoa masharti: barua ya mteja fulani, saa fulani, ukubwa fulani, ifanyiwe hivi au vile. Kwa sababu ya upana huo watengenezaji wengi wa paneli waliipenda.

Kwa upande wa kutunza masanduku, mshindani mkuu siku hizi ni Dovecot, iliyotolewa mwaka 2002 na Timo Sirainen wa Finland. Hufanya kazi vizuri pamoja na Exim na pia pamoja na Postfix. Kwa hiyo upande huu hauna ugomvi mkubwa.

PANELI NDIYO HUAMUA

Hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Hudhani kwamba huchagua programu ya barua, kumbe walikwisha kuichagua siku waliyochagua paneli. cPanel na DirectAdmin hutumia Exim na Dovecot. Hestia, ambayo haina malipo, hufanya vivyo hivyo. ISPConfig na Virtualmin, ambazo pia hupatikana bila malipo, hutegemea Postfix na Dovecot. Plesk kwa miaka mingi ilimpa mwenye mashine hiari ya Postfix au qmail.

Fundi anaweza kung'oa programu iliyokuja na paneli na kupachika nyingine. Asifanye hivyo. Paneli huandika maagizo kwa lugha ya programu inayoijua. Ikiandikia Exim maagizo wakati aliyepo ni Postfix, sanduku jipya la mwalimu litaonekana kwenye ukurasa lakini barua zake zitakataliwa. Tena, siku paneli itakapojirekebisha yenyewe usiku, huweza kufuta kazi yote ya fundi.

Gharama nayo iingie katika hesabu. Mwaka 2019 cPanel ilibadili utaratibu wake, ikaanza kutoza kwa kufuata idadi ya akaunti. Mwenye wateja 30 wanaolipa kwa shilingi, naye analipa leseni kwa dola, hana budi kupiga hesabu hiyo kabla ya kuanza. Kuhama baadaye pamoja na masanduku yaliyojaa ni kazi ya kuchosha.

VIPIMO VINNE VYA KUCHAGULIA

Kipimo cha kwanza ni umeme. Namna ya kizamani ya kutunza barua ni kuziunganisha zote katika faili moja refu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili lote huweza kuharibika, na barua za mwaka mzima zikawa mashakani. Bernstein alibuni utaratibu uitwao Maildir, ambamo kila barua ni faili lake. Barua huandikwa kwanza katika folda ya muda. Ikikamilika, huhamishiwa folda ya barua mpya. Umeme ukikatika, huharibika ile moja iliyokuwa ikiandikwa, na kwa kuwa seva haijasema imeipokea, aliyeileta ataileta tena. Paneli inayotumia Maildir ina faida kubwa kwa mahali kama Simiyu.

Kipimo cha pili ni jirani mbaya. Wateja wote 30 wa fundi hutoka nje kwa anwani moja ya mashine. Mmoja wao akiwa na nywila dhaifu, mwizi huingia kwa jina lake na kutuma maelfu ya barua za ulaghai kwa usiku mmoja. Asubuhi anwani ya mashine imeandikwa katika orodha za watuma taka duniani. Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyeibiwa, lakini barua ya zahanati ya kuomba dawa nayo inatupwa, na hati ya chama cha wakulima nayo haifiki. Kinga yake ni kuweka kikomo cha barua ambazo kila akaunti inaweza kutuma kwa saa au kwa siku. Katika cPanel na DirectAdmin, kikomo hiki hupatikana ndani ya paneli kwa kutumia uwezo wa Exim. Postfix peke yake haihesabu barua za kila akaunti kwa namna hiyo. Huhitaji msaidizi, mathalani programu ya kuchuja iitwayo Rspamd. Fundi asikubali paneli yoyote kabla ya kuona mahali kikomo hiki kinapowekwa.

Kipimo cha tatu ni marekebisho. Juni 2019 ilitangazwa kasoro katika Exim, matoleo ya 4.87 hadi 4.91, iliyomwezesha mtu wa nje kuamuru mashine kama mwenye nyumba. Wezi walianza kuitumia katika muda wa siku chache. Lakini toleo la 4.92 lilikuwa limetoka Februari ya mwaka ule ule, nalo halikuwa na kasoro hiyo. Waliokuwa na desturi ya kusasisha programu zao walikuwa salama kabla hata ya kusikia habari. Postfix nayo si malaika: Desemba 2023 ilitangazwa mbinu ya kupenyeza barua za uongo kwa kuchezea alama ya mwisho wa barua, na Postfix, Exim na Sendmail zote zilihitaji kurekebishwa. Basi mgawanyo wa vipande wa Postfix ni kinga njema, lakini kinga iliyo njema zaidi ni paneli inayosasisha programu zake bila kungoja fundi akumbuke.

Kipimo cha nne ni kumbukumbu ya mashine. Exim na Postfix zote hula kidogo. Mlaji mkubwa ni kichujio cha virusi: ClamAV huhitaji zaidi ya gigabaiti 1 kwa ajili yake peke yake. Mashine ya kukodi yenye gigabaiti 2 ikiwekewa paneli, tovuti, hifadhidata na kichujio hicho, hujaa, kisha mfumo huanza kuzima programu moja moja ili upumue. Mara nyingi fundi hulaumu seva ya barua, wakati mwenye kosa ni mzigo uliozidi punda.

MASHINE IKAE WAPI

Kuiweka seva ofisini Bariadi ni jambo linalovutia, maana fundi anaiona kwa macho. Hata hivyo halifai kwa barua zinazotoka. Muunganisho wa kawaida wa simu au wa ofisi ndogo mara nyingi hauna anwani yake yenyewe, bali hushirikiana anwani na wengine, na mlango namba 25 huwa umefungwa. Aidha seva kubwa za dunia humwuliza kila mgeni: je, anwani ya mashine yako inarudisha jina lako? Jibu hilo huweza kuandikwa tu na mwenye anwani, yaani kampuni inayotoa huduma. Ni heri mashine ikodiwe katika kituo cha data chenye umeme wa akiba, iwe Dar es Salaam au kwingineko, na Bariadi pabaki mahali pa kusomea.

Wasomaji nao watumie IMAP, utaratibu uliobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, ambao huziacha barua katika seva na kuruhusu simu ivute kichwa cha barua kwanza. Mwalimu aliye Meatu mwenye kifurushi kidogo cha intaneti hatalazimika kuvuta picha zote ili asome mistari mitatu. Simu yake ikipotea, barua zake hazikupotea.

VITAMBULISHO VYA BARUA

Programu ikichaguliwa vizuri lakini kikoa hakina vitambulisho, barua zitatupwa katika taka. Vitambulisho ni vitatu. SPF ni orodha, katika rekodi za kikoa, ya mashine zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo. DKIM ni muhuri unaopigwa kwa ufunguo wa siri, ili mpokeaji ajue kwamba barua haikubadilishwa njiani. DMARC ni agizo la mwenye kikoa kuhusu la kufanya na barua isiyopita mitihani hiyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo humtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku hutakiwa kuwa na vyote vitatu. Fundi wa Bariadi hafikii idadi hiyo, lakini ni vema avikamilishe vyote. Paneli iliyo nzuri huviandaa yenyewe kila kikoa kipya kinapofunguliwa.

Ipo pia dhamana ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu anayetunza taarifa za watu wengine. Masanduku ya zahanati na ya shule yana habari za wagonjwa na za wanafunzi. Njia zote za kusomea na kutumia barua ziwe zimefungwa kwa usimbaji, na nakala za akiba ziwekwe katika mashine nyingine.

UAMUZI

Kwa fundi wa mfano huu, shauri ni kama ifuatavyo. Ikiwa mapato yanamudu leseni, achukue paneli yenye Exim, kwa ajili ya kikomo cha barua kilicho tayari ndani yake, na ahakikishe kwamba usasishaji wa usiku umewashwa. Ikiwa mapato hayamudu, achukue paneli isiyo na malipo yenye Postfix, akijua kwamba ana deni la kazi mbili: kuongeza kikomo cha kila akaunti, na kuwasha taarifa ya ucheleweshaji. Ikiwa hana muda wa kuitazama foleni walau mara moja kila asubuhi, asiendeshe seva ya barua kabisa. Aache tovuti katika paneli yake, na barua za wateja azipeleke kwa mtoa huduma anayeifanya kazi hiyo usiku na mchana. Huko si kushindwa. Mtu anayejua kipimo cha nguvu zake huwalinda wateja wake kuliko anayejaribu kubeba kila kitu.

MAZOEZI

1. Zima seva ya majaribio inayopokea kwa muda wa saa 2. Tuma barua 3 kutoka seva nyingine, kisha andika amri mailq, ambayo inafanya kazi katika Exim na katika Postfix. Andika saa ya kila jaribio. Washa seva, uone barua zitaingia saa ngapi.

2. Weka kikomo cha barua 10 kwa saa katika akaunti moja ya majaribio, kisha jaribu kutuma 15. Eleza kilichotokea kwa zile 5 zilizozidi: je, zilikataliwa au zilisubiri?

3. Tafuta katika paneli unayoitumia mahali masanduku yanapohifadhiwa. Je, kila barua ni faili lake, au zote zimo katika faili moja? Eleza hatari ya kila namna umeme unapokatika.

4. Jirani mmoja katika mashine yako ameibiwa nywila na anwani ya mashine imeingia katika orodha ya watuma taka. Panga kwa utaratibu hatua utakazochukua, na utaje ni nani kati ya wateja wako utakayempigia simu kwanza, na kwa nini.